Themomita imesema 94, mtoto ameandika 100: uzi wa walimu wa sayansi, Nakuru mpaka Western

Mwalimu_Nax
Habari zenu walimu na wazazi. Mimi nafundisha sayansi JSS (junia sekondari) huku Nakuru, Gredi 7 mpaka 9, na kuna jambo nimekaa nalo muda mrefu nikaona leo nilitoe hapa tuliongee kwa urefu, juu ukilianza kwa stafurumu kengele inalia kabla hujafika kati.

Kila mwaka tukifika kwa mambo ya joto huwa nachemsha maji mbele ya darasa. Maabara hatuna, shule yetu iko ndani ya primari kama JSS nyingi, kwa hivyo nabeba mtungi mdogo wa gesi kutoka nyumbani, sufuria, na themomita moja ya ile spiriti nyekundu. Naita watoto wanne wanne waje wasome. Maji yanatokota kabisa, mapovu makubwa, mvuke mpaka miwani yangu inafunga, na ule mstari mwekundu unapanda unapanda unafika 94 unasimama. Nikiongeza moto haupandi. Nikipunguza kidogo, bora maji yanaendelea kutokota, uko pale pale. Alafu nakusanya vitabu nikasahihishe, na karibu darasa lote wameandika 100.

Sasa hawa watoto sio wavivu na sio waongo. Waliona 94 na macho yao, kuna wenye walinong'onezana themomita imeharibika. Lakini kitabu kinasema 100, dadake aliye fomu 3 amemwambia ni 100, na tangu nasari mtoto anajua jibu linatoka kwa kitabu ama kwa mwalimu. Kwamba jibu linaweza kutoka kwa sufuria, hilo hakuna mtu amewahi kumwambia.

Mi naamini kabisa mtoto anaipenda sayansi ama anaiacha kwa dakika kama hizo. Sio siku ya matokeo wala siku ya kuletewa mgeni wa kuwapa motisha na maspika. Ni ile siku aliona kitu kimoja, akaambiwa kingine, na ikabidi achague aamini kipi.

Kwa hivyo siku hiyo simwambii mtu yeyote amekosa. Narudisha vitabu nauliza, nani aliona 100? Kimya. Nani aliona 94? Wanaangaliana kwanza, mkono mmoja, wa pili, alafu darasa lote. Nawaambia sawa, basi hiyo 94 ni yetu, tuitafutie sababu. Na sababu ni tamu jamani. Nakuru tuko juu ya usawa wa bahari kama mita 1,850, hewa iliyo juu yetu ni kidogo kuliko ile iliyo juu ya mtu wa Mombasa, kwa hivyo inakandamiza maji kidogo, nayo maji yanapata nafasi ya kuchemka mapema. Ukipanda kila mita 300 hivi unapoteza karibu digrii moja. Mombasa 100, Kisumu kama 96, sisi 94, Eldoret 93.

Kuna msichana mmoja hukaa nyuma karibu na dirisha, mtu wa kimya sana, ukimuuliza swali anaangalia meza. Siku hiyo akainua mkono mwenyewe akasema, mwalimu, kwa hivyo ndio maana githeri ya shosho kule Molo hukaa kwa moto tangu asubuhi? Nikampa chaki. Molo ni kama mita 2,450, akagawanya na 300 pale ubaoni, akapata maji ya shosho yanachemka kwa karibu 92. Alivyorudi kukaa wenzake wakaanza, na sufuria ya presha je, na yule mtu alipanda Mlima Kenya anapika chai aje, na kama nikienda juu kabisa maji yatachemka yakiwa baridi? Breki ililia hakuna mtu alitoka, na mnajua watoto wa Gredi 8 na breki.

Ndio nauliza walimu wenzangu, nyinyi mnafanya nini ndio mtoto aanze kuamini macho yake? Nataka vitu vyenye mmefanya na vikashika, hata kama ni vidogo aje. Habari ya maabara na pesa tutaifikia, najua itakuja tu.

Omera_Dunga
Mwalimu umeniguza omera. Mi niko Kisumu na hiyo 96 nimeipima, ni kweli.

Huku kwangu nusu ya darasa ni watoto wa wavuvi. Ukianza kufundisha pepo za nchi kavu na za ziwani na ile michoro ya kitabu yenye mishale, wanalala. Siku moja nikaacha kitabu nikauliza tu, baba ya nani huenda omena? Mikono mingi. Wanatoka saa ngapi na upepo unatoka wapi? Weee, kulikuwa na kelele! Kijana mmoja mwenye hajawahi kupita mtihani wowote wa sayansi akasimama akaeleza vizuri kuliko mimi, kwamba usiku upepo unatoka nchi kavu unawasukuma ndani ya ziwa, na mchana jua likishakuwa kali unageuka unatoka ziwani, na wazee wa matanga ndio hivyo walikuwa wanaenda na kurudi bila injini. Nikamuuliza kwa nini unageuka. Akasema hiyo sasa sijui.

Hapo ndio nikatoa mikebe miwili, moja mchanga moja maji, tukaweka kwa jua na kila baada ya dakika tano mtu anasoma themomita. Mchanga unakimbia juu, maji yanajikokota. Tukarudisha kivulini, mchanga unashuka haraka, maji bado yana joto lake. Nikamwangalia yule kijana, nikaona ameshapata kabla sijafungua mdomo. Hewa ya juu ya nchi kavu inapata moto mchana inapanda, ile ya ziwani inakuja kujaza, usiku kinyume. Akaenda kumweleza babake jioni. Babake alikuja shule wiki hiyo, nilidhani ni mambo ya karo ama kesi, kumbe amekuja kuniambia tu kijana amemfundisha kitu.

Mama_Brayo
Walimu nawapa heko lakini mimi kama mzazi niko na swali na naomba msinikasirikie. Mtoto wangu alifundishwa hivyo hivyo kwa shule yake ya kwanza, tukahama, kwa shule ya pili (sitaitaja) mtihani ukauliza maji yanachemka digrii ngapi akaandika 94. Akapigwa kosa. Akaenda kueleza, akaambiwa usiniletee ujuaji hapa. Alikuja nyumbani akiwa amenyamaza na mtoto wangu si wa kunyamaza. Sasa mi nimwambie nini? Aamini macho ama aandike chenye mwalimu anataka? Kwa sababu KJSEA, ule mtihani wa mwisho wa Gredi 9, haitamuuliza sufuria yetu ilisema nini.

Mwalimu_Nax
Mama Brayo pole sana na hakuna mtu atakukasirikia, hilo ndilo swali lenyewe.

Mi watoto wangu nawafundisha zote mbili na sioni kama zinapigana. Ile 100 ni ya kweli, ni ya maji safi kwa usawa wa bahari. Ile 94 ni ya kweli pia, ni ya maji ya Nakuru. Mtoto anaandika "digrii 100 kwa usawa wa bahari, lakini tulipopima darasani Nakuru tulipata 94" na hapo hakuna mtu ana haki ya kumpiga kosa. Mitihani yangu mwenyewe siandiki tena "maji huchemka digrii ngapi", naandika "kwa usawa wa bahari", ama nawapa kimo cha mji nawaambia wapige hesabu.

Na huyo kijana wako mwambie alikuwa sawa. Usimwambie "ni sawa tu achana nayo", mwambie wazi, ulipima, uliona, uliandika ulichoona, hivyo ndivyo watu wa sayansi hufanya kazi. Mtoto wa miaka 13 akiambiwa ujuaji mara mbili, ya tatu hataongea. Mi nimewapokea wengi wa hivyo kutoka shule zingine, inachukua karibu mwaka mzima ndio uwasikie sauti tena.

Labtek_Ksm
Hii uzi imenitoa mafichoni, mimi husoma tu. Mi si mwalimu, nafanya kazi maabara ya hospitali Kisumu, kila siku niko na darubini natafuta vidudu vya malaria kwa damu. Na niko hapa kwa sababu ya madam mmoja wa sayansi wa primari, kijijini, shule ya mabati.

Msimu wa mvua alituambia kila mtu alete chupa ya maji yaliyotuama kutoka popote, kwato za ng'ombe, mtaro, tairi kuukuu. Tukaweka chupa zote kwa dirisha zimefungwa na kitambaa cha neti, na akasema msiniambie kitu mmesoma, niambieni mnaona nini. Tuliona viluwiluwi wa mbu wanacheza. Lakini kuna wenye walikuwa wananing'inia kichwa chini wameinama, na kuna wenye walikuwa wamelala sambamba na uso wa maji kabisa. Hakutuambia chochote, akaacha tugombane, wengine wanasema ni mgonjwa, wengine ni mtoto zaidi, wengine ni mume na mke. Siku kadhaa! Ndio akaja akatuambia wale waliolala sambamba ni watoto wa Anopheles, hao ndio wakikua wanabeba malaria, wale wanaoning'inia wana kamrija ka kupumulia huko mkiani ni wa Culex wa kawaida. Alafu akauliza hao wa malaria walikuwa kwa chupa za nani. Nyingi zilikuwa maji safi safi ya kwato na ya dimbwi la jua, yale ya mtaro mchafu hayakuwa nao. Sisi wote tulikuwa tunafikiri malaria inatoka kwa uchafu.

Chupa yangu ilikuwa nao. Maji nilikuwa nimeyachota nyuma ya nyumba yetu. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikachukua jembe nikafukia, mama akashangaa huyu ameingiwa na nini. Ndugu yangu mdogo alikuwa amelazwa mwezi uliopita na malaria kwa hivyo kwangu haikuwa mambo ya kitabu.

Huyo madam hajui nimefika wapi. Nimeamua nitamtafuta likizo hii.

(Walimu mkifanya hii, chupa zisikae mpaka wakageuka mbu, siku tano sita mwaga kwa udongo mkavu.)

Mama_Butula
Labtek mtafute kabisa, usiahirishe.

Mimi ni mkulima huku Busia na nimetoka shule kitambo lakini nataka kushuhudia. Huku kwetu tuna kayongo, ile gugu ya maua ya zambarau, inaua mahindi mpaka unalia. Wazee walikuwa wanasema shamba limerogwa. Binti yangu wa Gredi 9 akaja siku moja na kijembe akaniambia mama usiing'oe hiyo, ngoja. Akachimba pole pole akazunguka mhindi na kayongo pamoja, akaleta bonge zima la udongo kwa beseni la maji akaliosha taratibu mpaka mizizi ikabaki uchi. Akaniita. Mzizi wa kayongo umeshikana na mzizi wa mhindi, umeingia ndani, inakunywa kwa mhindi. Miaka yote nimelima sikuwa nimeona hiyo kwa sababu sisi tunang'oa tunatupa.

Mwalimu wao alikuwa amewapa hiyo kama kazi ya kufanya nyumbani. Alafu wakafundishwa kuhusu mmea wa desmodium na nyasi za nepia, kwamba unapanda desmodium katikati ya mistari ya mahindi, inafukuza wale nondo wa funza wa shina na mizizi yake inazuia kayongo isishike, na nepia unapanda pembeni kuvuta wale nondo watoke shambani. Na hii haikutoka Ulaya ikaletwa tu, icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu, waliifanyia kazi hapa hapa Mbita kando ya ziwa wakishirikiana na Waingereza wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. icipe yenyewe ilianzishwa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mtu wetu. Binti yangu alivyosikia hiyo alisema, kumbe mtu anaweza kusomea wadudu ikawa kazi?

Sasa tuna kipande cha shamba tunakijaribu na yeye ndiye anaandika kwa daftari. Baba yake mwanzoni alikuwa anacheka. Siku hizi anauliza leo umeandika nini.

INTANI_BGM
Mazuri yote hayo. Sasa niruhusuni niseme ya upande mwingine juu nimesoma uzi wote na kifua kimejaa. Mi ni mwalimu intani JSS Bungoma, yaani bado sijaajiriwa kabisa. Elfu ishirini kabla ya makato, nyumba, nauli, na nimepangiwa sayansi, hesabu, kilimo, na PE (mazoezi ya mwili) ambayo sikusomea, madarasa yamejaa. Nikitoka hapo nafaa niwe na passion? Hiyo gesi Mwalimu Nax unatoa nyumbani ni pesa. Kila mara mwalimu anaambiwa jitolee, jitolee, na mwenye kusema hivyo hajajitolea kitu. Alafu mnaleta ya Bradha Peter Tabichi, yule mwalimu wa sayansi wa shule ya Keriko aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani, nani ataweza hiyo?

Mwalimu_Nax
Hakuna mtu alikuwa amemtaja Tabichi bado ndugu yangu lakini umefanya vizuri kumleta kwa sababu ni jirani yetu, Keriko iko Njoro hapa kijiji cha Pwani.

Kwanza yote umesema ni kweli na sitakupinga hata moja. Walimu wa intani wanatumika vibaya, na mtu akikwambia motisha inalipa kodi ya nyumba mwonyeshe mlango.

Pili kuhusu Tabichi. Watu wanakumbuka zile dola milioni 1 za tuzo aliyopewa Dubai mwezi wa tatu 2019, na kwamba alikuwa anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa wasiojiweza. Yeye ni mtawa wa Kifransisko, ameweka nadhiri, mimi nina watoto watatu na siwezi na hakuna mtu anafaa kukudai hiyo. Lakini kuna sehemu ya hadithi yake haisemwi sana na ndio mi hunifaa. Shule ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha, wanafunzi 58 kwa mwalimu mmoja, na watoto wa hiyo shule ya kutwa ya kijijini wakatengeneza kifaa cha kusaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, kikawafikisha maonyesho ya kimataifa ya sayansi kule Arizona, Marekani, 2019. Wengine wakatumia mimea ya hapo hapo kutoa umeme wakatuzwa na Royal Society of Chemistry ya Uingereza. Hakuwafanyia. Alianzisha klabu, akawaachia nafasi wachague tatizo wenyewe, alafu akashikilia kwamba mtoto wa Pwani ana haki ya kuonyesha kazi yake mbele ya watu sawa na mtoto wa shule ya kitaifa.

Hiyo ya kuwaachia wachague haigharimu pesa. Inagharimu muda na inagharimu ile hofu yetu ya darasa likienda pahali hujapanga. Nakuomba kitu kimoja, usibebe yote. Chagua kipindi kimoja kwa wiki, ile mingine fundisha kawaida ulale.

INTANI_BGM
Asante kwa kunijibu kama mtu. Kipindi kimoja naweza.

Mzee_wa_Chaki
Wanangu, mimi nimestaafu, nilifundisha kemia Kakamega na Vihiga kabla wengine wenu kuzaliwa. Nakumbuka SMASSE, ule mradi wa kuwanoa walimu wa hesabu na sayansi, ulipoanza 1998 na Wajapani wa JICA, shirika lao la misaada, tukaitwa likizo kufundishwa upya, na wengi walinung'unika kwa sababu ya marupurupu. Lakini walituambia jambo moja nimetembea nalo mpaka leo, kwamba mtoto ashike kitu kwa mkono, na kama kifaa hakuna tafuta kingine badala yake nyumbani. Nikajiuliza nyumbani kwetu kuna kemia gani.

Kuna munyu. Mluhya yeyote hapa anajua, ile chumvi ya majivu tunatilia mrenda na kunde. Nikawaambia darasa nani shoshoye bado anatengeneza munyu, na mtoto mmoja tu akainua mkono, wengine walionekana kuona haya, kwao ni mambo ya wazee. Huyo mmoja nikamwambia wiki ijayo wewe ndiye mwalimu. Alikuja na mkebe uliotobolewa chini, nyasi kidogo ndani, majivu ya maganda ya maharagwe na mabua, akamimina maji juu taratibu, yakaanza kudondoka chini rangi ya chai ya mkandaa. Alikuwa na majibu ya kila kitu, majivu gani ni kali, gani si nzuri, utajua aje. Akaonja kwa ncha ya ulimi kama shoshoye. (Wengine niliwakataza kuonja, na msiruhusu yaingie machoni, yanachoma.)

Ndio nikatoa maji ya kabeji nyekundu niliyochemsha nyumbani, ile ya zambarau. Nikatia limau, ikawa pinki. Kelele. Nikampa yule kijana atie munyu wake, ikawa kijani. Sikuwa nimeandika neno "besi" ubaoni bado na tayari walikuwa wanakimbia nje kutafuta vitu vingine vya kujaribu, sabuni, siki, majani ya maembe, mate yao wenyewe. Ile orodha ya asidi na besi ambayo kila mwaka watoto wanakariri na kusahau, waliiandika wenyewe.

Yule kijana alikuwa mtoto wa kuchekwa. Baada ya hapo hakuna mtu alimcheka.

Madam_Maseno
Mzee shikamoo, hiyo ya kabeji naiba leo leo.

Mi niongeze ya bure kabisa, haina hata kabeji. Sisi huku Maseno tuko juu ya ikweta, kibao kiko hapo barabarani watu wa nje wanapiga nacho picha. Tarehe 21 mwezi wa tatu na 23 mwezi wa tisa hivi jua la mchana linasimama utosini kabisa kwetu. Nachomeka fimbo wima uwanjani, tunahakikisha na uzi na jiwe kwamba imesimama sawa, na kila dakika tano mtoto anaweka kijiwe pale kivuli kinaisha. Nawauliza mapema, kivuli kitaisha saa ngapi? Darasa zima, saa sita kamili! Maana wote wamefundishwa jua la utosi ni saa sita.

Saa sita inafika, kivuli kipo. Saa sita na robo, kipo. Wanaanza kubishana kama fimbo imeinama, wanaenda kupima tena na uzi. Mwezi wa tatu kivuli kinakwisha kabisa kama saa saba kasoro dakika kumi, mwezi wa tisa kama saa sita na nusu na dakika chache. Kuna mwaka kijana alilala chini kabisa sketi na shati za wenzake zikiwa zimemzunguka akiangalia kama kumebaki kivuli hata cha unywele.

Na sababu inawaacha midomo wazi. Saa ya Kenya imewekwa kufuata mstari wa digrii 45 mashariki, na huo mstari haupiti Kenya, uko Somalia huko. Sisi Maseno tuko karibu digrii 34.6, jua linachukua dakika 4 kufika kila digrii moja, pigeni hesabu, ni zaidi ya dakika 40 tumechelewa. Zile zinazobaki zinatokana na mwendo wa dunia na kuinama kwake, hiyo nawaachia wenye hamu. Huwa wapo wenye hamu. Nakuru mnaweza kufanya pia, mko chini kidogo tu ya ikweta, jua litawahi kwenu kama dakika tano sita kabla yetu.

Omera_Dunga
Madam tukubaliane tarehe, sisi Dunga huku Kisumu, nyinyi Maseno, Nax Nakuru, tupime siku moja watoto watumiane majibu. Wakiona Nakuru imetangulia na hakuna mtu amewaambia itatangulia… mi nasikia raha tayari.

Mwalimu_Nax
Nimeingia. Tuanzishe grupu ya WhatsApp ya walimu tu, watoto majina yao yasiwekwe humo, namba za vipimo zinatosha.

Na kitu kimoja kabla nisahau kwa wanaotaka kuchemsha maji: msichukue ile themomita ya hospitali ya kupima homa, mwisho wake ni kama 42, itapasuka. Na isiguse chini ya sufuria, chuma kina moto kuliko maji, mtapata namba ya uongo.

INTANI_BGM
Wadau nimerudi baada ya wiki mbili na ripoti. Nilifanya ya kuchemsha maji, jiko nikaazima kwa mama wa chai pale getini. Tulipata 95, Bungoma ni kama mita 1,400 kwa hivyo inakaa sawa. Wakasema imeharibika kama mlivyosema watasema. Sikujibu, nikauliza mtajuaje kama imeharibika? Nikanyamaza, na kunyamaza ni ngumu kuliko nilivyofikiria.

Kuna kasichana kakasema tuipime na kitu tunajua. Kitu gani? Barafu. Mwingine akasema duka la samaki sokoni wanauza. Kipindi kilikuwa kimeisha kwa hivyo kesho yake wakaja na barafu imefungwa kwa gunia na nailoni, wamechanga wenyewe, nusu imeyeyuka njiani. Tukaponda tukaweka kwa kikombe na maji kidogo, themomita ndani, wote wameinama juu ya kikombe kimoja nikaogopa watakimwaga. Ikashuka ikasimama kwa 0. Yule kasichana akasema basi si themomita, ni maji ya Bungoma.

Sasa wameniuliza kitu nimeshindwa kueleza vizuri. Kama kimo kimebadilisha kuchemka, mbona barafu haijabadilika, ni 0 hapa na 0 Mombasa?

Mwalimu_Nax
Huyo kasichana mshikilie!

Waeleze hivi. Maji yakigeuka mvuke yanapanuka sana, kama mara 1,600 hivi, kwa hivyo lazima yasukume hewa ili yapate nafasi, na hewa ikiwa nyepesi kazi inakuwa rahisi, joto kidogo linatosha. Barafu ikigeuka maji ukubwa haubadiliki sana, inapungua tu kidogo, haina haja ya kusukuma hewa, kwa hivyo hewa iwe nzito ama nyepesi haiioni. Tofauti ipo lakini ni ndogo mno, themomita yetu haiwezi kuiona.

Kama una sindano ya hospitali bila ile ncha, weka maji ya uvuguvugu kidogo ndani, ziba mdomo na kidole, vuta nyuma kwa nguvu. Yatatoa mapovu yakiwa hayajafika hata kuchoma mkono. Wape kila mtu avute mwenyewe.

INTANI_BGM
Sindano naweza kupata, kuna kemisti hapo juu ya barabara, ni shilingi kumi. Ni Alhamisi tena, nitawaambia.